Mkasi wa Siri

Akipenda, chongo huita kengeza. Methali hii, msomaji wangu, yaeleza kwa maneno machache ugonjwa unaowapata watu wazima wengi wakumbukapo utoto wao. Leo katika Marekani na Uingereza wamo watu wa miaka arobaini na hamsini, wenye kazi, nyumba na watoto, ambao wakikutana hawachelewi kubishana juu ya mashine mbili kuukuu za michezo ya video walizozichezea walipokuwa wadogo. Mmoja ashikilia kwamba Super Nintendo haikuwa na mfano. Mwingine aapa kwamba hapajapata kuwa na mashine kama Mega Drive ya Sega, ambayo Wamarekani waliiita Genesis. Hubishana juu ya rangi, juu ya muziki na juu ya wepesi wa mashine. Na mwisho wa yote hufika kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu, nalo ni damu.

Wapenzi wa Sega hujisifu kwamba mashine yao ilikuwa ya watu huru, haikukata wala haikuficha. Wapenzi wa Nintendo hujibu kwamba mashine yao ilikuwa ya watu wenye heshima, iliwalinda watoto na mambo machafu. Mimi nasema pande zote mbili zimepotea njia. Kati ya wale wawili hapakuwa na mpigania uhuru, wala hapakuwa na mlezi. Palikuwa na wafanyabiashara wawili. Na kosa lao kubwa halikuwa kuonyesha damu wala kuficha damu. Kosa lao lilikuwa kukata kazi za watu, kisha kumwuzia mnunuzi kilichokatwa kana kwamba ni kizima. Nakuomba unifuate hatua kwa hatua, halafu uhukumu mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue wagomvi wetu. Nintendo na Sega zote ni kampuni za Kijapani. Nintendo ilianza kuuza mashine yake ya kaseti nchini Japani mwaka 1983, na Marekani mwaka 1985. Mwaka uo huo wa 1983 biashara ya michezo ya video ilikuwa imeanguka vibaya Marekani. Maduka yalikuwa yamejaa kaseti mbovu zilizotengenezwa na kila aliyependa. Wanunuzi walichoka, na kampuni nyingi zikapata hasara kubwa. Nintendo ilijifunza kwa msiba wa wenzake. Ndani ya mashine iliyouzwa Marekani ilitia kufuli ya elektroniki, na kaseti isiyokuwa na ufunguo wake haikucheza. Kwa hiyo aliyetaka kutengeneza mchezo wa mashine ile ilimpasa kupata ruhusa ya Nintendo, na mchezo wenyewe ulikaguliwa kabla haujauzwa.

Hapo ndipo mwenye duka alipopata mkasi. Tawi la Nintendo la Marekani liliweka amri zake: pasionekane uchi, pasiwe na umwagaji wa damu kupita kiasi, pasitajwe pombe wala tumbaku, pasiwekwe misalaba wala alama nyingine za dini, pasitolewe matusi. Sisemi kwamba kila amri ilikuwa mbaya. Mzazi yeyote mwenye busara angekubali baadhi yake. Nasema tu kwamba amri zile hazikutungwa na bunge wala na mahakama, wala mnunuzi hakuambiwa dukani ni mchezo gani uliokatwa, wala umekatwa wapi.

Sega ilileta Mega Drive nchini Japani mwaka 1988, na Marekani mwaka 1989. Ilipofika huko ilikuta uwanja wote umeshikwa na mwenzake. Afanyeje mgeni aliyeukuta mji umejaa? Alijipamba kwa sifa ambazo mwenyeji hana. Matangazo ya Sega yalimtaja mpinzani wake kwa jina na kumdhihaki. Yaliwaambia vijana kwamba Nintendo ni ya watoto wadogo, na Sega ni ya waliokwisha kukua. Mwaka 1991 Nintendo ilijibu kwa kuleta Super Nintendo katika Marekani. Vita vikaiva.

Mwaka 1992 kampuni ya Midway ya Marekani ilitoa mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat, katika mashine kubwa zinazochezwa kwa sarafu. Watu wawili hupigana, damu hurushwa kila upande, na mshindi huweza kumwua aliyeshindwa kwa namna ya kutisha, hata kumng'oa moyo. Tarehe 13 Septemba 1993 mchezo huo ulianza kuuzwa kwa mashine za nyumbani. Katika Super Nintendo damu iligeuzwa rangi ikawa kama jasho la kijivu, na vifo vya kutisha vikabadilishwa. Katika Mega Drive damu ilikuwamo, lakini ilifichwa nyuma ya hesabu ya vitufe: A, B, A, C, A, B, B. Aliyeijua hesabu hiyo aliiona damu, asiyeijua hakuiona. Haikuchukua siku nyingi kila mtoto kuijua. Kaseti ya Sega iliishinda ya Nintendo sokoni.

Tarehe 9 Desemba 1993 Maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliiketisha kamati ya Seneti ya Marekani kuichunguza michezo hiyo. Howard Lincoln alisimama kwa Nintendo, na Bill White kwa Sega. Ungedhani wenye biashara moja wangesimama pamoja mbele ya serikali. Kumbe kila mmoja alimgeukia mwenzake. Lincoln aliisifu kampuni yake kwa usafi. White alieleza kwamba wachezaji wengi wa Sega ni watu wazima, na kwamba kampuni yake yaandika umri unaofaa juu ya kaseti zake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lincoln alitamka pia kwamba mchezo uitwao Night Trap, uliokuwa ukiuzwa kwa mashine ya Sega, hautaonekana kamwe katika mashine ya Nintendo. Neno hilo uliweke akilini, tutalirudia.

Baada ya vikao hivyo wenye viwanda vya michezo, kwa kuogopa kutungiwa sheria, waliunda mwaka 1994 bodi yao ya kupanga michezo kwa umri. Tangu hapo kila sanduku la mchezo lilianza kuonyesha herufi, moja ya watoto, nyingine ya vijana, nyingine ya waliotimiza miaka 17. Habari za mashine mbili na damu yao ni hizo. Sasa tuzipime hoja.

Mpenzi wa Sega asema: mashine yetu ilikuwa ya uhuru. Namwuliza: ikiwa damu ilikuwa haki ya mchezaji, mbona ilifichwa nyuma ya vitufe? Apiganiaye haki huitangaza mchana. Sega iliificha ili ipate mambo mawili kwa pamoja: mbele ya mzazi iweze kusema damu haimo, na mbele ya kijana iweze kusema imo. Huo si ushujaa. Ni ujanja wa mwenye duka anayeuza bidhaa moja kwa bei mbili.

Tena, mkasi wa Sega haukulala. Mwaka 1994 ilitoa mchezo wake yenyewe, Streets of Rage 3. Mchezo huo ulipovuka kutoka Japani kwenda nchi za Magharibi ulibadilishwa hadithi, mavazi ya wapiganaji yakabadilishwa, na mhusika mmoja aitwaye Ash akaondolewa kabisa. Mhusika huyo alichorwa kwa dhihaka, na huenda walikuwapo watu wengi ambao wangemchukia. Lakini tazama: mnunuzi wa Marekani hakuambiwa kwamba anasoma hadithi nyingine, siyo ile waliyoisoma Wajapani. Na Night Trap je? Kelele zilipozidi, mwanzoni mwa mwaka 1994 Sega iliacha kuuuza. Ule uhuru uliotangazwa kwa tarumbeta ulikunjwa kama mkeka mara mvua ilipoanza kunyesha. Mfanyabiashara husimama na uhuru madhali uhuru wamletea wanunuzi. Siku unapomletea hasara, humsikii tena.

Sasa tumgeukie mpenzi wa Nintendo, asemaye: mashine yetu iliwalinda watoto. Hoja hii ina sura nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo yataka kupimwa kwa uangalifu zaidi. Tutazame kilichokatwa, tutazame na kilichobakizwa.

Mwaka 1988 kampuni ya Capcom ilitoa Japani mchezo ambao kisa chake ni kufufuliwa kwa Adolf Hitler. Jina lake hasa lilitaja ufufuo huo. Ulipouzwa Marekani kwa jina la Bionic Commando, alama ya Wanazi iliondolewa, na Hitler akapewa jina la Master-D. Uso ulibaki ule ule, na kifo chake, ambacho ni uso kupasuka vipande vipande mbele ya macho ya mtoto, kilibaki vile vile. Basi niambie, msomaji, mtoto alilindwa na nini? Hakulindwa na kifo cha kutisha, kwa maana alikiona. Alilindwa na jina. Kilichokatwa ni kile ambacho kingemfanya aulize: Baba, Hitler alikuwa nani, na kwa nini watu wanaogopa kurudi kwake? Kilichobaki ni adui asiye na maana, wa kupasuliwa tu.

Mwaka 1994 jambo lile lile lilirudiwa. Mchezo wa Wolfenstein 3D, uliotolewa mwaka 1992 na kampuni ya id Software ya Texas, wamhusu askari anayetoroka katika ngome ya Wanazi. Ulipoingia katika Super Nintendo, alama za swastika zilifutwa. Hitler alibadilishwa jina, akaitwa Staatmeister, akanyolewa na masharubu yake mashuhuri. Damu iligeuka jasho. Hata mbwa wa walinzi waligeuzwa panya wakubwa, kwa kuwa ilionekana ni vibaya kumpiga mbwa risasi. Lakini watu je? Watu waliendelea kupigwa risasi tangu mlango wa kwanza hata wa mwisho. Hiyo ndiyo busara ya mkasi ule: mbwa alihurumiwa, Mnazi alisitiriwa jina, na mauaji yakabaki. Utawala wa Wanazi uliwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Nasema kwamba kulifuta jina la mwovu na kuubakiza mchezo wa kuua si malezi. Ni kumfundisha mtoto kufyatua bunduki bila kujua amfyatulia nani na kwa sababu gani.

Mfano mwingine ni mdogo, lakini wafundisha. Katika mchezo wa ndondi wa Punch-Out!! palikuwa na bondia Mrusi aliyeitwa Vodka Drunkenski katika mashine za sarafu, yaani jina lake lilikuwa pombe na ulevi. Nintendo ilipomleta nyumbani mwaka 1987 ilimwita Soda Popinski, na chupa mkononi mwake ikawa ya soda. Pombe ilitoka, sawa. Lakini dhihaka ya Mrusi mnywaji, mwenye kucheka ovyo, ilitoka? Haikutoka. Lililotiwa sabuni ni jina. Uchafu ulibaki ndani ya nguo.

Mambo ya dini nayo yalipita katika mkasi uo huo. Katika Super Castlevania IV ya mwaka 1991, mchezo wa mtu anayepambana na Dracula, misalaba iliondolewa juu ya makaburi. Katika Final Fantasy ya kwanza, ilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1990, makanisa yaligeuzwa zahanati. Katika ile ya sita, iliyouzwa Marekani mwaka 1994, uganga ulioitwa Mtakatifu uliitwa Lulu, na vilabu vya pombe vikaitwa mikahawa. Hapana mtoto aliyepata kuharibika kwa kuona msalaba juu ya kaburi. Kampuni iliogopa barua za wanunuzi waliochukia, ikakata kila kitu ambacho kingeweza kumkera yeyote. Aogopaye kumkera kila mtu hana la kumwambia mtu yeyote.

Na kama ulinzi wa watoto ulikuwa imani ya moyoni, ungedumu. Lakini ulidumu muda gani? Mwaka mmoja! Mwezi wa Septemba 1994 ilitoka Mortal Kombat ya pili, na katika Super Nintendo iliyouzwa Marekani damu ilikuwamo yote, nyekundu, bila hesabu ya vitufe. Watoto wa 1994 hawakuwa wagumu kuliko watoto wa 1993. Kilichobadilika ni daftari la mapato. Na ile Night Trap iliyoapiwa kwamba haitaingia kamwe? Mwaka 2018 ilianza kuuzwa kwa mashine ya Nintendo iitwayo Switch. Viapo vya sokoni, msomaji, havidumu kuliko soko.

Huenda ukaniambia: Bwana, hii ni michezo ya watoto tu, mbona waipigia kelele kama kwamba ni vitabu? Nitakujibu kwa mfano wa majaji. Mwaka 2005 jimbo la California lilitunga sheria ya kukataza kuwauzia watoto michezo yenye ukatili. Shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na mwezi wa Juni 2011 majaji saba kwa wawili waliitangua sheria ile, wakaamua kwamba michezo ya video ni njia ya kutolea mawazo, inayolindwa kama vitabu na filamu. Si lazima tukubaliane nao katika kila neno. Lakini ikiwa mchezo ni hadithi iliyotungwa na watu wenye fikira zao, basi kuukata ni kukata maneno ya mtu mwingine, na aliyenunua anayo haki ya kujua.

Utaniuliza tena: basi wataka watoto waonyeshwe kila kitu? La, sitaki hivyo. Tofauti ninayoitaka uishike ni hii: mlango wenye maandishi ya kukataza kuingia si sawa na ukuta uliopakwa chokaa mahali palipokuwa na mlango. Aonaye mlango wenye katazo ajua kwamba kuna chumba. Aweza kuuliza kwa nini kimefungwa, nani mwenye ufunguo, na lini atakuwa na umri wa kuingia. Aonaye ukuta uliopakwa chokaa hawezi kuuliza lolote, kwa sababu hajui kwamba kuna la kuulizwa. Alama ya umri juu ya sanduku ni mlango wenye katazo. Mkasi wa siri ni ukuta wa chokaa. Alama humheshimu mzazi kwa kumpa habari ili aamue. Mkasi wa siri hummwamulia, kisha humficha kwamba pamekuwa na uamuzi.

Hata sheria kali ni afadhali kuliko mkasi wa siri, madhali imeandikwa na watu waweza kuisoma. Ujerumani, kwa sababu ya historia yake, imekataza katika sheria za jinai kuonyesha alama za Wanazi, isipokuwa kwa ajili ya mambo kama sanaa na mafundisho. Mwaka 1998 mahakama ya Frankfurt iliamua, katika shauri lililohusu Wolfenstein 3D, kwamba michezo ya video haipati ruhusa hiyo. Matokeo yalikuwa ya ajabu: hata mwaka 2017, katika toleo la Kijerumani la mchezo mwingine wa Wolfenstein, Hitler alionekana tena bila masharubu na bila jina lake, kama alivyokuwa katika Super Nintendo mwaka 1994. Lakini kwa kuwa katazo lilikuwa wazi, watu waliweza kulibishia hadharani. Mwaka 2018 utaratibu ulibadilishwa, na tangu hapo kila mchezo ulianza kupimwa peke yake kuona kama wastahili ruhusa ya sanaa. Neno lililoandikwa laweza kujibiwa kwa neno. Mkasi wa siri utaujibu kwa nini?

Wewe mwenyewe, uliyezaliwa Kenya, umekwisha kuiona tofauti hii. Filamu hapa kwetu hupewa alama: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto aliye na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Unaweza kuipenda alama au kuichukia, lakini umeiona. Kadhalika katika maktaba ya shule umepata kushika riwaya ndefu iliyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, na juu ya jalada pameandikwa kwamba imefupishwa. Hapo hukudanganywa. Wajua kwamba kiko kitabu kizima, na kwamba ukikua na ukipenda utakitafuta. Lakini kama ungepewa kitabu kilichotolewa sura tatu, na jalada likasema ni kitabu kamili, ungesemaje? Ungesema umeibiwa, na ungekuwa umesema kweli, ijapokuwa hukuwa na habari ya sura zile.

Sasa turudi kwa wale watu wazima tuliowaacha wakibishana. Nimewalaumu kwa kugeuza wauzaji kuwa mashujaa, lakini ninalo la kuwalaumu zaidi. Kumbukumbu nayo ina mkasi wake. Wakumbuka Sonic akikimbia na Mario akiruka. Hawakumbuki kaseti nyingi mbovu zilizoishia vumbini, wala bei iliyowatoa wazazi wao jasho la kweli. Wakumbuka damu nyekundu ya Mega Drive. Wausahau ujanja wa vitufe. Wakumbuka usafi wa Nintendo. Wasahau Hitler aliyebatizwa jina jipya. Kila mmoja amekata utoto wake mwenyewe, akabakiza vipande vitamu, kisha atuambia kwamba hiyo ndiyo kanda nzima. Mkasi wa kwanza ulikuwa wa kampuni. Huu wa pili ni wa moyo wake. Na huu ni mgumu zaidi kuushika, kwa sababu aukataye na anayekatiwa ni mtu mmoja.

Wafanyabiashara nao wamekwisha kuujua udhaifu huu. Mwaka 2017 Nintendo iliuza Super Nintendo ndogo mpya, yenye michezo 21 ndani yake, na mwaka 2019 Sega ikafuata na Mega Drive ndogo. Watu walizigombea. Katika ile ya Nintendo imo Super Castlevania IV, imo na Final Fantasy ile ya sita kwa jina la Kiingereza ililopewa zamani, pamoja na makato yake ya kale. Mwanamume wa miaka arobaini na mitano alilipa fedha yake mara ya pili, akauziwa tena kilichokatwa, akashukuru.

Sikwambii uache kucheza, wala sikwambii uyachukie mambo ya kale. Michezo mingine ya mashine zile ilitungwa kwa ustadi mkubwa, na atakayeicheza leo atafurahi. Nakwambia jambo moja tu. Kila utakapopewa hadithi, iwe ni ya kitabu, ya filamu, ya mchezo, au ya mzee asimuliaye siku zake za ujana, uliza maswali matatu. Je, hii ni nzima? Kama si nzima, nani aliyekata? Na aliyekata alisema, au alinyamaza? Aliyekata akasema, mpe heshima yake, hata kama hukubaliani naye, kwa kuwa amekuachia njia ya kumbishia. Aliyekata akanyamaza, usimwite mlezi, hata akiwa na uso wa upole. Na aliyeuza kisichokatwa kwa ajili ya faida, usimwite mkombozi, hata akipiga tarumbeta.

Damu ya Mega Drive ilikuwa rangi juu ya kioo, na jasho la Super Nintendo lilikuwa rangi juu ya kioo. Zote mbili hazikumwumiza mtu. Kilichoumia ni haki ya mtoto ya kujua kwamba pana kitu hakuonyeshwa. Mtoto yule sasa ana mvi, na bado hajui. Wewe ungali na nafasi ya kujua.